Pole na kuuguza, pole na msiba, kisha kimya

Kiswahili kina pole ya karibu kila jambo. Ukiwa na mgonjwa ndani, jirani akipita barazani anakwambia "pole na kuuguza". Mgonjwa akifariki, jirani huyohuyo anakuja na mkeka kwapani, anakwambia "pole na msiba". Kisha arobaini inafika, hitma inasomwa, masufuria ya kuazima yanarudi kwa wenyewe, na pole zinaishia hapo. Aliyekuwa akiuguza bado yumo ndani ya nyumba ile. Ukimuuliza anaendeleaje, atakujibu "nipo tu". Jibu hilo nalijua vizuri, nililitoa mwenyewe karibu mwaka mzima.

Nilimuuguza mama yangu, Tanga, kwa miaka 5 na miezi 4, tangu kiharusi kilipomlaza upande wa kushoto mpaka alipofariki. Tangu hapo nimezungumza na wenzangu wengi, misibani, kwenye vikoba, kwenye mabenchi ya kliniki, na swali linarudi lilelile: mtu aliyekuwa akiomba apate japo siku moja ya kulala, akizipata siku zote kwa mpigo, mbona anashindwa kusimama? Watu hujibu kwamba ni huzuni. Huzuni ipo, lakini imesokotana na usingizi, pesa, mirathi na nafasi ya mtu katika ukoo, na ndiyo maana kumwambia "jikaze, ni kazi ya Mungu" hakumfikishi popote. Nitajaribu kuzitenganisha nyuzi hizo.

Kazi isiyo na barua

Wengi husema "alikuwa anakaa na mama yake" bila kujua kukaa huko kukoje. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya kiunoni, matakoni na visiginoni hubadilika rangi, halafu huchanika, na kidonda cha kulala kikishafika kwenye nyama hakiponi kirahisi. Kuna kumtawaza, kumuogesha, kubadilisha pampasi, kumlisha uji kwa kijiko akiwa ameinuliwa ili asipaliwe, kumnyoosha vidole vilivyokunjamana. Mpira wa mkojo unaweza kuziba usiku wa manane. Na iko kazi ambayo wageni hawaioni kabisa: kujua dawa ipi ni kabla ya chakula na ipi baada, kuwapigia simu ndugu mmoja mmoja na kueleza jambo lilelile, kumtafuta dereva wa bajaji anayekubali kusaidia kunyanyua siku ya kliniki.

Mimi nilikuwa na kaunta buku. Kila asubuhi niliandika tarehe, presha, sukari, kala nini, choo kimepatikana au hakijapatikana, kalala vipi. Zilijaa tatu. Daktari akiuliza swali, nilikuwa nimeshafungua ukurasa kabla hajalimaliza. Kaka yangu mkubwa, ambaye neno lake nyumbani kwetu halipingwi, alikuwa akinipigia kutoka Muscat kuniuliza kama mama anaruhusiwa kula kamba. Katika mambo ya mwili wa mama, mkubwa nilikuwa mimi.

Saa moja baada ya mama kukata roho, ukubwa ule ulihama. Wazee walikaa nje wakapanga kaburi na sanda, shangazi akashika jiko, shemeji akashika daftari la rambirambi. Hakuna aliyenikosea, ndivyo msiba unavyokwenda. Nilibakiwa na jambo moja tu. Bibi muosha aliniita chumbani, akasema niingie kwa kuwa mimi ndiye ninayeujua mwili wake. Tulikuwa wanne. Walipotaka kuunyoosha mkono wa kushoto, ule uliokuwa umekakamaa, nikasema, "Taratibu bibi, mkono huo unamuuma." Hakuna aliyenirekebisha. Bibi aliushika kama nilivyomwambia, akaumwagia maji polepole, tukaendelea.

Ile ndiyo zamu yangu ya mwisho. Kazi nyingine yoyote ya miaka mitano ikiisha, kuna barua, kuna mtu wa kumkabidhi funguo, pengine kuna kiinua mgongo. Hii inakwisha katikati ya asubuhi, na kesho yake hakuna anayekuhitaji. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba binadamu hutumia saa bilioni 16.4 kila siku katika kutunza watu na nyumba bila malipo, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Hesabu hiyo inaeleza kazi ikiwa inaendelea. Inapokatika, mtu huwa amepoteza mama au mume, na siku hiyohiyo amepoteza kazi, ratiba, ujuzi unaohitajika na heshima ya kuulizwa. Mtafiti wa Uingereza Mary Larkin, aliyechapisha mwaka 2009 utafiti wake juu ya watu waliokwisha kumaliza kuuguza, alikiita kipindi hiki cha kwanza utupu. Baada yake, alieleza, watu huanza kufunga mambo ya kuuguza, vyombo na makaratasi na madeni, na ndipo wanapoanza kujenga siku zao upya. Kwangu ule utupu ulikuwa na sura ya kitanda: tulikitoa chumbani siku ya tano, na kwa wiki kadhaa nilipokuwa nikifagia nilikizunguka, ingawa hakipo.

Kapumzika, na wewe umepumzika

Maneno hayo niliambiwa na watu wasiopungua kumi siku ya mazishi. Yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Usiku ule nililala, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mpaka adhana ya alfajiri, na nilipoamka nikajiona mtu mbaya.

Laiti mtu angenieleza mapema kwamba afueni ile ni ya kawaida. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia watu 217 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Baada ya kifo, asilimia 72 walisema kifo kile kiliwaletea afueni wao wenyewe, na zaidi ya asilimia 90 waliamini kimemletea afueni mgonjwa. Na jambo lililonipa nguvu zaidi ni hili: ndani ya mwaka mmoja, dalili za sonona kwa wengi wao zilikuwa chini kuliko walipokuwa wakiuguza. Hawakuwa watu wasiopenda. Walikuwa wamechoka kupita kiasi, na sehemu kubwa ya kilio chao walikuwa wameshakilia.

Kuomboleza kabla ya kifo kunajulikana tangu zamani. Mwaka 1944 Erich Lindemann, daktari wa akili aliyekuwa Boston, aliandika juu ya wake wa wanajeshi waliokuwa wameshawalilia waume zao kana kwamba wamekufa vitani, kiasi kwamba mume aliporudi mzima, mke alikuwa hana tena nafasi ya kumpokea moyoni. Anayemuuguza mtu mwenye ugonjwa wa kusahau hupitia jambo la jinsi hiyo kidogo kidogo: leo mama amesahau jina lako, mwezi ujao amesahau kwamba wewe ni mwanawe. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipowapima wazee wa miaka 70 na kuendelea waliwakuta takriban 6 katika kila 100 wana ugonjwa huo, kwa hiyo usidhani ni mambo ya Ulaya. Binti wa mzee wa namna hiyo anaweza kukaa msibani macho makavu, na wakwe wakanong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Machozi yake yalikwisha miaka mitatu nyuma, jikoni, peke yake.

Hatia nayo ina njia yake ya kuingia. Ndugu aliye mbali anaweza kujilaumu kwa jambo moja: sikuwepo. Muuguzaji alikuwepo, akaamua mambo mia, na kila uamuzi ni mlango. Ningempeleka hospitali ya Bombo usiku uleule, nisingengoja asubuhi. Nisingemkaripia siku ile alipomwaga uji. Hili la kukaripia karibu kila muuguzaji analo, na wengi hawajapata kulisema mbele ya mtu. Nalisema mimi hapa: nilimkaripia mama, zaidi ya mara moja, na mara moja alilia. Nilimwomba radhi na akanisamehe, nami bado naikumbuka harufu ya uji ule.

Dini yetu humpa mjane eda ya miezi 4 na siku 10, muda wenye mwanzo na mwisho, ambao watu wanajua asibughudhiwe. Kwa wengine wote kuomboleza ni siku 3. Sina ubishi na mipaka hiyo, ina hekima yake, maana maisha lazima yaendelee. Ninachosema ni kwamba siku ya 4 ndugu wengine wanarudi kwenye maisha waliyoyaacha, na muuguzaji hana maisha aliyoyaacha. Madaktari wa akili siku hizi wanautambua ugonjwa wa huzuni isiyokwisha, na mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unataka iwe imepita angalau miezi 6, na huzuni iwe imezidi kwa wazi desturi na dini ya mhusika. Kama mwezi wa nane mtu bado hali, hatoki, hawezi kulitaja jina la marehemu au hataji kingine ila hilo, hapo si suala la kujikaza. Hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki za afya ya akili, na kwenda huko hakumaanishi umepagawa.

Mwili nao una deni lake. Saa nane usiku nilikuwa naamka mwenyewe, bila simu kulia, mikono imeshajiandaa kugeuza. Hili lilidumu miezi saba. Mgongo wangu ulianza kuuma baada ya mama kufa, kana kwamba ulikuwa unangoja ruhusa. Nilipopimwa presha, mimi niliyempima mama mara elfu mbili na kitu, yangu ilikuwa imepanda na hakuna ajuaye tangu lini. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1999 uligundua kwamba wazee waliokuwa wakiwauguza wenzi wao huku wameelemewa, walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63, ndani ya miaka 4, ile ya wasiouguza. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa mtu aliyemaliza kuuguza huwa fupi: nenda kapime presha, sukari na macho, na kama ni mwanamke, ile kliniki ya saratani ya shingo ya kizazi uliyoiahirisha.

Jambo ambalo hospitali zingeweza kulifanya kwa gharama ndogo ni kumwita muuguzaji. Tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, kwa maana iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, inamhesabu mgonjwa pamoja na familia yake, na inataja wazi kuisaidia familia hiyo katika msiba wake. Tanzania tiba hiyo ipo, Ocean Road, Selian kule Arusha na kwingineko. Lakini mgonjwa wa kiharusi anayelala nyumbani kwake mtaani, siku akifa faili lake linafungwa, na muuguzaji aliyekuwa akiingia kliniki ile kila mwezi hana tena sababu ya kupita getini.

Hela ya mama

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu huona aibu kulitaja. Nyumba yetu iliendeshwa na kitu tulichokiita hela ya mama. Kaka alituma kutoka Muscat, dada alituma kutoka Dar es Salaam, meseji iliingia kila tarehe 28 au karibu na hapo. Hela ile ilinunua pampasi na dawa, na ilinunua pia luku, gesi, unga, na sabuni niliyoogea mimi. Hakuna aliyewahi kuiita mshahara wangu, na ilikuwa kweli haikuwa mshahara. Ila ndiyo niliyokuwa nikiishi kwayo. Baada ya arobaini, tarehe 28 ilifika na simu ilikaa kimya. Ndugu zangu hawakuwa na roho mbaya. Mama hayupo, hela ya mama haina wa kutumiwa.

Ndivyo ilivyo hata pale serikali inapotoa. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016, kila mzee wa miaka 70 na kuendelea akipata, wakati huo, shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ina Inua Jamii, shilingi za Kenya 2,000 kwa mwezi kwa waliofikia umri huohuo. Ni mipango mizuri, na katika nyumba nyingi fedha hiyo ya mzee ndiyo inayowalisha waliomzunguka. Lakini jina lililoandikwa ni la mzee, naye akiondoka inaondoka. Uingereza, ambako muuguzaji wa nyumbani anaweza kulipwa posho kwa jina lake mwenyewe, posho hiyo haikatwi siku ya kifo, inaweza kuendelea hadi wiki 8. Wiki 8 si nyingi. Ila mtu aliyeandika sheria ile alijua kwamba kuna binadamu amebaki nyumbani.

Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo ya malipo mtoto wake akiugua au akifa, au akifiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Soma tena: mtoto akiugua. Mzazi hatajwi mpaka afe. Kwa hiyo mtu mwenye mama mgonjwa hula likizo yake ya mwaka, halafu huomba ruhusa, halafu huacha kazi. Mimi nilikuwa karani wa hesabu kwenye kampuni ya mkonge. Nilipoacha nilikuwa na michango ya NSSF ya miezi 108, na pensheni ya uzeeni inataka miezi 180. Hiyo miezi 72 niliyopungukiwa, 64 kati yake ndiyo niliyokuwa chumbani na mama. Sijutii, lakini ni lazima nijue kwamba ndivyo hesabu ilivyo, kwa sababu uzee wangu unakuja na sina binti.

Halafu madeni. Katika miezi ya mwisho mgonjwa anataka kipimo leo, ndugu wanasema mwisho wa mwezi, na mikopo ya kausha damu iko hapo mtaani, haiulizi maswali. Anayesaini ni yule aliye karibu. Baada ya mazishi, gharama za jeneza au sanda na chakula cha waombolezaji hujulikana na wote na huchangiwa, maana zina daftari. Mkopo wa kipimo cha miezi mitatu nyuma hauna daftari, uko kwenye jina la muuguzaji peke yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapa hata kanda lenyewe halionekani.

"Mama alisema nyumba ni yako"

Hakuna sentensi iliyogombanisha ndugu wengi kama hii. Mama yangu aliitamka mara nyingi, hasa usiku. "Nyumba hii yako, mwanangu, wewe ndiye uliyenistiri." Aliimaanisha, nami sikuwahi kumwomba. Lakini anayesikia maneno hayo usiku anapaswa kujua yanasimama wapi asubuhi.

Kwa sheria ya Kiislamu, wosia haumwendei mrithi isipokuwa warithi wengine waridhie, na kwa asiye mrithi hauzidi theluthi moja ya mali. Mzazi anaweza kumpa mwanawe hiba akiwa hai na mzima, akamkabidhi kabisa. Akiitoa katika maradhi yaliyomuua, hiba hiyo huchukuliwa kama wosia, na tumerudi palepale. Sisi tuko wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, baba alishatangulia. Nyumba ni mafungu 6, langu ni 1. Anayeuguza na asiyeuguza wanapata sawa, na kaka zangu kila mmoja maradufu yangu. Kabla ya mafungu hayo, hata hivyo, hulipwa gharama za mazishi na madeni ya marehemu, na hapa ndipo wauguzaji wengi hujikosesha. Kama fedha ya dawa ulimkopesha mama na ikajulikana hivyo, ni deni na ina haki ya kulipwa kwanza. Kama ulitoa tu, ni hisani, na malipo yake yako kwa Mungu.

Kwa wanaofuata mila, kanuni za mwaka 1963 zinakubali wosia wa mdomo, lakini unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wewe na mama chumbani, na taa imezimwa, hamtimizi idadi. Kanuni hizohizo zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na wanawe kama alivyowatunza wao. Wajane wawili mafundi cherehani wa Shinyanga waliifikisha kanuni hiyo mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaona Tanzania imekiuka haki zao. Fikiria mwanamke aliyemgeuza mumewe kila saa 2 kwa miaka, halafu akaambiwa fungu lake ni kutunzwa. Na yuko ambaye hana hata fungu la kubishania: mke wa mtoto wa kiume aliyemuuguza mama mkwe, na mjukuu aliyetolewa shule kijijini akakae na bibi. Hao kwa kawaida si warithi. Wakimaliza kuuguza wanaambiwa ahsante.

Kwa maoni yangu hesabu ya muuguzaji ingepaswa kuwa jambo la kwanza katika kikao cha familia siku ya kuanua tanga, kabla hata ya kuchagua msimamizi wa mirathi. Kikao hicho kipo tayari, kila mtu yuko pale na muhtasari unaandikwa kwa ajili ya Mahakama ya Mwanzo. Waulizane: huyu anadaiwa wapi, ataishi wapi na mpaka lini, ile hela ya mama itaendelea kwa miezi mingapi. Najua familia moja ya Muheza ambayo ndugu waliendelea kumtumia dada yao fedha ileile, kiasi kilekile, kwa mwaka mzima, akajifunza ushonaji na kununua vyerehani viwili. Haikuwapunguzia kitu, walikuwa wameshazoea kuitoa. Nyumbani kwetu kaka mkubwa alisema nyumba isiuzwe mpaka niwe na pa kwenda. Neno lake ninaliamini. Ila halijaandikwa popote, naye ana miaka 63.

Njia ya kutokea

Kurudi kazini kuna swali lake: "Miaka hii mitano ulikuwa wapi?" Nilijibu "nilikuwa nauguza", na kijana aliyekuwa ananihoji akaandika kitu kifupi, nadhani aliandika hakuwa na kazi. Ninaloshauri sasa ni kuieleza kazi yenyewe bila haya: nilisimamia dawa za aina saba, nilitunza kumbukumbu za kila siku, nilizuia vidonda kwa miaka mitano. Fundi aliyejifunza uashi mtaani anaweza kupimwa na VETA akapata cheti cha ujuzi alionao, na sioni kwa nini mikono iliyojifunza kutunza mgonjwa isipimwe vivyo hivyo. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 umelenga wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka 5. Wanapowachagua, serikali za mitaa zingeanza na kuuliza ni nani hapa aliuguza. Kwa yule mjukuu aliyetolewa shule, waraka wa elimu wa mwaka 2021 unawaruhusu waliokatiza masomo kurejea, na aliyepita umri ana njia ya QT, mtihani wa maarifa kwa walio nje ya shule.

Wapo waliogeuza miaka ile kuwa kitu kikubwa. Noerine Kaleeba wa Uganda alimuuguza mumewe Christopher, aliyeambukizwa Ukimwi kwa damu aliyoongezewa, na baada ya kufiwa Januari 1987 akaanzisha TASO pamoja na wenzake mwaka huohuo, chama kilichowahudumia wagonjwa na familia zao wakati wengine waliwakimbia. Namheshimu sana. Lakini si haki kumtaka kila aliyezika ageuke kuwa mkombozi wa wengine. Wapo ambao ushindi wao ni kupika chakula chenye chumvi tena.

Siku zote ndugu wa mbali tunawahesabu kama waliosalimika. Mimi pia niliwahesabu hivyo, kwa uchungu. Ramadhani ya kwanza bila mama, kaka alinipigia usiku kutoka Muscat. Nilidhani ni habari za nyumba. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza mama alifuturu nini Ramadhani yake ya mwisho. Nikasema sikumbuki, ngoja. Nikaenda kabatini nikatoa kaunta buku ya tatu, nikautafuta ukurasa, nikamsomea wote kama ulivyo: presha 150 kwa 90, sukari 8.2, uji wa mtama nusu kikombe, tende 1 imepondwa, kalala vizuri, kauliza habari zako. Nilisikia anapumua. Akaniambia nimsomee wa kesho yake.